Mume anataka nikakubali mbele ya bodi ya ardhi tuuze ekari kumi tumlipe shailoki

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nimeolewa huku Kajiado, upande wa Mashuuru. Tulifunga ndoa kanisani na mume wangu hana mke mwingine. Nakuandikia kwa sababu bodi ya ardhi, ile inayotoa kibali cha kuuza ardhi, inakaa hivi karibuni na mume wangu anataka nikasimame mbele yao niseme nimekubali tuuze ekari kumi. Sijalala vizuri tangu aliponiambia.

Ranchi yetu ya kikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, iligawanywa wakati nina mtoto mmoja. Sisi wanawake hatukuandikwa kwenye rejista, ila wajane wachache. Mume wangu akapata ekari 38. Nane za kando ya barabara aliziuza mapema kwa mtu wa Nairobi, tukajenga nyumba ya mabati na akanunua pikipiki ya bodaboda. Sikulalamika wakati ule, kila mtu alikuwa anauza, na pesa zilionekana. Zikabaki 30.

Kisha ukaja ukame wa 2022. Mshauri, sijui kama umewahi kuona ng'ombe akiishiwa nguvu. Asubuhi tulikuwa tunawainua, mmoja anashika mkia, mwingine pembe, watoto wanasukuma ubavuni. Kabla hatujamwinua wa pili, wa kwanza ameshaanguka tena. Tulikuwa na ng'ombe arobaini na kitu. Wakabaki saba.

Mvua iliporudi mume wangu alitaka tuanze upya. Benki ilimwomba hati ya mshahara, na yeye hajaajiriwa. Akaenda kwa shailoki, mtu mmoja mjini anayekopesha kwa riba, akapewa shilingi 500,000 kwa asilimia 15 kila mwezi. Zilinunua mitamba, zikalipa karo ya binti yetu aliye sekondari, na sehemu yake ililipa hospitali mama yangu mzazi alipofanyiwa upasuaji. Hilo la mama ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mume wangu hakuniambia pesa zimetoka wapi. Aliniambia tu, "Mama atapona." Na mama alipona.

Sasa ni mwaka mmoja na miezi miwili. Tumelipa 150,000 kwa kuuza mitamba ile ile. Mkopeshaji anasema bado anadai milioni moja na laki nne. Anayo hati yetu ya ardhi. Nimejua pia kwamba siku ya kuchukua mkopo, mume wangu alitia sahihi karatasi ambazo hazikuwa zimejazwa. Haya yote niliyajua siku wanaume wawili walipokuja na broka wakaanza kupiga picha mipaka na silanga yetu, bwawa la kunyweshea mifugo.

Broka ameleta mnunuzi wa ekari kumi kwa 160,000 kila ekari. Kipande anachokitaka ndicho chenye silanga. Mume wangu anasema tukiuza tunamaliza deni na kubaki na kitu kidogo cha kuanzia. Anasema nikikataa, mkopeshaji atachukua ekari zote 30 na tutakuwa wageni kwenye ardhi ya baba yake. Kaka zake walikuja, wakakaa, wakaniambia mke mwema hamwaibishi mume mbele ya serikali. Binti yangu naye ameniambia faraghani, "Mama, usikubali, sisi tutaishi wapi?"

Mume wangu si mtu mbaya. Hanywi, hanipigi. Siku hizi anakaa tu nje ya boma akiangalia simu, na ikilia hashiki.

Nikikataa nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya watu, na yeye ndiye aliyemwokoa mama yangu. Nikikubali nitakuwa nimewauza watoto wangu. Nifanye nini?

Mama wa Boma, Kajiado

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole sana. Umeandika kuhusu ng'ombe, deni, mama yako na binti yako bila kumchafua mume wako hata mara moja, na hilo limenionyesha nyumba yenu ni ya namna gani. Barua yako nimeisoma kwa uchungu.

Ngoja niirudie kwa maneno yangu, uone kama nimekuelewa. Unaombwa neno moja, "nimekubali," na pande mbili za watu unaowapenda zimening'inia kwenye neno hilo. Upande mmoja yupo mume aliyebeba mzigo peke yake mpaka ukamzidi, akaufanya kwa ajili yenu, na kwa ajili ya mama yako. Upande wa pili wapo watoto, na silanga, na ekari ambazo zikiondoka hazirudi. Na tarehe ya bodi inakuja. Nadhani tarehe hiyo ndiyo inayokunyima usingizi kuliko yote, kwa hiyo nianzie hapo: bodi ya ardhi hukaa tena na tena. Jambo lisiposikizwa kikao hiki linaweza kusikizwa kingine. Ninyi hamna haraka ya kuuza. Anayeharakisha ni anayedai na anayetaka kununua.

Sasa niulize mambo machache, na usiyachukue kama lawama.

Umeandika kwamba ukikataa mkopeshaji atachukua ekari zote 30. Nani alisema hivyo? Kama ni mume wako, yeye alisikia kwa nani? Nauliza kwa sababu sheria ya Kenya haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema mtu aliyewekewa hati tu kama dhamana, bila rehani kusajiliwa, hawezi kuimiliki ardhi hiyo wala kuiuza mpaka apate amri ya mahakama. Hata benki yenye rehani iliyosajiliwa kabisa lazima itoe notisi ya miezi mitatu ya kulipa, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Na ardhi ya kilimo na malisho haiuzwi wala kuwekwa rehani kihalali bila kibali cha bodi. Kwa hiyo ule mlima mnaouogopa usiku una njia za kuuzunguka, ijapokuwa sikuambii ni tambarare.

Kinachonitia wasiwasi ni zile karatasi zilizosainiwa tupu. Mtu mwenye hati yako na fomu ya uhamisho yenye sahihi ya mume wako anaweza kujaribu kuijaza na kuipitisha mahali. Yapo mambo yanayoweza kumzuia. Kama ataijaza iwe ya mauzo, mauzo ya ardhi kama yenu huhitaji ombi kwa bodi ndani ya miezi sita tangu mapatano. Miezi hiyo ikipita bila ombi, na mahakama isipoongeza muda, mapatano hayana nguvu. Lakini sheria iliyo kitabuni haijilindi yenyewe kule mashambani, na wewe unajua hivyo kuliko mimi. Ndiyo maana, kabla ya swali la kukubali au kukataa, lipo jambo linaloweza kufanywa mapema bila kumgombanisha mtu: sachi kwenye ofisi ya ardhi, mwone ardhi hiyo leo imeandikwa kwa jina la nani na kama ina chochote juu yake. Mngeweza kwenda wawili.

Swali la pili. Deni ni milioni moja na laki nne kweli? Nimekaa na kalamu. Asilimia 15 ya 500,000 ni 75,000 kwa mwezi. Kwa miezi 14 ni 1,050,000. Ongeza mtaji, yaani zile 500,000, toa mlichokwisha kulipa, unafika palepale anapodai. Hesabu yake imekaa sawa, sikatai. Lakini angalia kilichomo ndani: zaidi ya maradufu ya kile mlichopokea ni riba tupu. Mabenki yetu yamefungwa na sheria tangu 2007, mkopo ukishaharibika riba wanayoweza kudai haiwezi kuzidi mtaji uliobaki. Mkopeshaji wa mjini si benki, na sitaki kukudanganya kwamba kanuni hiyo inamshika moja kwa moja. Ila inaonyesha nchi yenyewe inakiona nini kuwa kimepita kiasi. Wazee wengi wakiwekewa hesabu hiyo mezani, mstari kwa mstari, huona wenyewe. Je, kaka za mume wako walipokuja kukukalisha chini, kuna aliyewaonyesha hesabu? Au waliambiwa tu kwamba mke anakaidi?

Na hapa ndipo moyo wangu ulipo, dada, kwa hiyo nivumilie nikikaa kidogo. Naona katika barua yako deni na ardhi vimeshikanishwa kiasi kwamba hamvioni tena kama vitu viwili. Mkopeshaji anataka vionekane kitu kimoja, kwa sababu pesa zake zikigeuka ekari anafaidi kuliko zikibaki pesa. Lakini mnachodaiwa ni fedha. Fedha hujadiliwa, hupunguzwa, hulipwa kidogo kidogo, huchukuliwa kwingine kwa riba ndogo ili kumlipa wa kwanza. Mkiweza kukaa na deni kama deni, kwenye meza yake, kabla ya kuigusa ardhi, nadhani hata mume wako atapumua.

Mume wako hakulianzisha jambo hili. Mikataba na Waingereza ya 1904 na 1911 iliwatoa Wamaasai kwenye malisho yao bora ya Bonde la Ufa na Laikipia, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 walishindwa. Ranchi za vikundi zilipoanzishwa kwa sheria ya 1968, moja ya sababu zake ilikuwa ardhi iwe na hati ili watu wakopeshwe pesa za kuchimba visima na kujenga majosho. Yaani tangu mwanzo hati ililetwa kwenu ikiwa imeshikana mkono na mkopo. Baadaye watu wakaogopa kubebeshana madeni ya kikundi, na hilo likawa moja ya mambo yaliyowasukuma kugawana, kila mtu na kipande chake. Sasa ukame ukija hakuna pa kuhamia, na kila mwanamume anakutana na mkopeshaji akiwa peke yake. Ningependa mume wako ayasikie haya kutoka kwako siku moja mkiwa wawili. Mtu anayeangalia simu ikilia bila kuishika amekwisha kujihukumu, na kwa aibu hiyo anaweza kuuza bei yoyote mradi tu kelele ziishe.

Tuje kwenye njia zilizopo.

Kukubali uuzaji si dhambi, na sitakwambia ni kuwauza watoto. Familia nyingi zimeuza kipande zikabaki na heshima na ardhi ya kutosha. Lakini ekari kumi zipi? Umeandika mnunuzi anataka upande wa silanga, na ukalipita hilo kwa sentensi moja. Mimi nimelirudia mara kadhaa. Ekari 20 zisizo na maji zitalisha nini? Mwaka wa ukame mtamwomba nani njia ya kunyweshea, mwenye uzio? Kama mnauza, silanga inaweza kubaki kwenu na kipande kingine kikapimwa. Na 160,000 ni bei ya nani? Ya broka anayejua mmebanwa. Mthamini aliyesajiliwa angewaambia ukweli, na pengine ekari chache kati ya hizo kumi zingebaki mikononi mwenu. Hatari ya kuuza ni hiyo hasa: mkilipa 1,400,000 kwa pesa za ekari kumi, mnabaki na 200,000, ng'ombe wachache, na malisho yaliyopungua kwa theluthi. Karo ya muhula ujao na ukame ujao mtavikuta bado vipo.

Kukataa nako kuna nguvu kuliko unavyodhani, na kuna gharama kuliko anavyodhani binti yako. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa ya mke mmoja haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili, na boma unalolala ndani yake liko juu ya ardhi hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu nayo ilikubali kwamba mtu aliyeandikwa kwenye hati anaweza kuwa ameishika kama amana ya kimila kwa ajili ya jamaa yake. Sheria hizi zinahitaji wakili azitazame pamoja na historia ya ardhi yenu, kwani mali ya ndoa na mali ya amana hazitendewi sawa. Unaweza pia kuomba zuio liandikwe kwenye rejista ya ardhi, ili pasiwe na uhamisho kabla hujaulizwa. Zuio lingewakinga nyote na zile karatasi tupu. Lakini ukiliweka kimya, na mume wako akalijua kwa broka, atalisoma kama usaliti. Ukimwambia, "Nataka tumzuie yule mtu asijaze karatasi zako," jambo ni lilelile na moyo wake unaweza kulipokea tofauti. Kama unahisi hutakuwa salama kulisema, basi usilazimike kulisema peke yako. Tafuta mtu anayemheshimu awe nawe.

Katikati ya kukubali na kukataa kuna njia ambazo sijaziona kwenye barua yako. Kuna kumkalisha mkopeshaji mbele ya wazee, au mbele ya wakili, mkubaliane kiasi cha mwisho, riba isimame, hati irudi mkimaliza, na karatasi tupu zichanwe mbele ya mashahidi. Huenda akakataa. Lakini yeye naye anajua kwamba mahakama huchukua muda, na wakopeshaji wengi hupenda kiasi kidogo leo kuliko kesi. Kuna kukodisha malisho kwa msimu ili mpate pesa bila kupoteza kipande, ijapokuwa pesa zake huja taratibu na mkataba mrefu nao utahitaji bodi. Kuna chama chako cha akina mama au sako (chama cha akiba na mikopo), kama upo kwenye moja, kwa sehemu ya deni, ila nakusihi usibebe deni lote kwa jina lako kwa sababu tu mama yako alitibiwa.

Hilo la mama lina uzito wake. Unaandika kana kwamba upasuaji ule ulikununua, na sasa huna haki ya kusema hapana. Mume wako alipomtibu mama yako alikuwa anatenda wema wa mkwe, na wema huo unastahili shukrani ya maisha. Lakini yeye mwenyewe hajakudai ulipe kwa silanga. Ni wewe unayejidai. Ungeweza kumshukuru kwa sauti, kwa maneno ambayo pengine hujawahi kuyasema tangu siku aliposema mama atapona, kisha katika mazungumzo yaleyale ukamwambia unaogopa nini. Sidhani shukrani na hofu vinagombana.

Na kuhusu kaka zake. Kwa mila yenu nyumba hujengwa na mwanamke na huitwa yake, na maziwa ya ng'ombe aliowekewa hayaguswi na mtu bila yeye. Kwa hiyo mwanamke kuulizwa juu ya kinachomlisha yeye na watoto si jambo lililoletwa na serikali. Pengine yupo mzee mmoja, au mama mkwe wako kama bado yupo, anayeweza kulisema hilo kikaoni likapokelewa kuliko likitoka kinywani mwako.

Siwezi kukuambia useme nini siku ya bodi. Mimi sitaishi na jibu hilo, utaishi nalo wewe. Naweza kukuambia tu kwamba kuna jibu la tatu ambalo mwenyekiti wa bodi anaruhusiwa kulisikia: kwamba bado mnazungumza, na mnaomba jambo lisogezwe mbele. Kulisema hilo mkiwa wawili, mume wako akiwa kando yako, hakumvui mtu nguo.

Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya watu wasioweza kulipa wakili, na Kituo cha Sheria na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, nao husikiliza kesi za ardhi na za akina mama. Ukienda kwao, beba cheti chako cha ndoa, nakala ya hati kama mnayo, karatasi yoyote aliyopewa mume wako siku ya mkopo, na kumbukumbu za M-Pesa za zile 150,000 mlizolipa. Kama mlizilipa mkononi, andikeni sasa mlilipa lini, wapi, na nani alikuwepo, kabla hamjasahau.